Athari za sufaktanti kwenye udhihirishaji wa jeni za hamira: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unawahusu wanafunzi na watafiti wanaotaka kujua sufaktanti hufanya nini ndani ya seli ya hamira kwa kupima RNA yake, yaani nakala ambazo seli hutoa kutoka kwenye jeni inazozitumia (kazi hiyo ndiyo huitwa udhihirishaji wa jeni). Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kumpeleka msomaji kwenye jingine bila kurudia maelezo.

## Misingi

1. Sufaktanti ni nini, na inahusiana vipi na seli?

Sufaktanti ni molekuli yenye pande mbili zisizopatana: kichwa kinachopenda maji, na mkia, ambao kwa kawaida ni mnyororo wa kaboni, unaoyakimbia. Kwa sababu hiyo hukusanyika mahali maji yanapokutana na hewa au mafuta, na hupunguza mkazo wa uso wa maji. Sabuni ndiyo sufaktanti ambayo kila mtu anaifahamu.

Huainishwa kwa chaji ya kichwa. SDS, yaani sodiamu dodesili salfeti, ina chaji hasi. CTAB, yenye mnyororo wa kaboni 16, na benzalkoni kloridi zina chaji chanya. Tween 80 na Triton X-100 hazina chaji. Na zipo zenye chaji zote mbili katika molekuli moja. Tofauti hii ina uzito, kwa kuwa ukuta wa seli ya hamira una sukari za manosi zilizobeba fosfeti, hivyo uso wake una chaji hasi na huvuta sufaktanti zenye chaji chanya. Utando ulio ndani ya ukuta huo umejengwa kwa lipidi, ambazo nazo zina kichwa na mkia. Sufaktanti inapofika hapo haihitaji mlango maalumu, kwani hujipenyeza katikati ya lipidi kama jamaa asiyealikwa.

2. Kwa nini hamira, na si bakteria au seli za binadamu?

Saccharomyces cerevisiae ndicho kiumbe cha kwanza chenye kiini cha seli ambacho jenomu yake, yaani DNA yake nzima, ilisomwa yote, mwaka 1996. Ina kromosomu 16, takriban jozi milioni 12 za besi na jeni zipatazo 6,000, idadi ambayo mtu mmoja anaweza kuichambua kwa kompyuta ya kawaida. Hukua haraka, ikijigawa kila baada ya takriban dakika 90 katika chakula chenye virutubishi vingi kwenye nyuzi 30 za Selsiasi. Tena, kwa karibu kila jeni isiyo ya lazima kwa uhai, kuna nasaba (ukoo wa hamira wa maabara) iliyotengenezwa bila jeni hiyo, jambo linalokuwezesha kuhakiki dhana yako badala ya kuikisia (tazama swali la 15).

3. Kuna faida gani kupima jeni badala ya kuhesabu seli zilizokufa?

Kuhesabu vifo kunakueleza kwamba seli imeshindwa, lakini hakukuelezi ilishindwa katika jambo gani. Sufaktanti mbili zinaweza kupunguza ukuaji kwa kiasi kilekile, moja kwa kulegeza utando na nyingine kwa kuzuia amino asidi zisiingie, na mkunjo wa ukuaji (grafu ya ongezeko la seli kwa muda) ukafanana kabisa. RNA hubadilika dakika chache baada ya tukio, hivyo huonyesha ni njia ipi ya tahadhari iliyowashwa kwanza. Hata hivyo vipimo vya ukuaji na vya uhai haviachwi, kwa kuwa bila hivyo huwezi kujua RNA uliyopima ilitoka kwenye seli za namna gani.

4. Hamira huitikiaje kwa kawaida inapokutana na sufaktanti?

Mwitikio una tabaka kadhaa, na tabaka hizo husomwa vizuri zaidi zikitenganishwa.

Tabaka la kwanza ni mwitikio wa jumla wa msukosuko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba jeni takriban 900 za hamira hubadilika kwa mtindo unaofanana seli inapokumbwa na joto, chumvi, peroksaidi, njaa au maudhi mengine. Takriban 300 hupanda, nyingi zikiongozwa na protini Msn2 na Msn4, na takriban 600 hushuka, nyingi zikiwa jeni za ribosomu na za utengenezaji wa protini. HSP12 na CTT1 ni mifano ya zinazopanda. Zikipanda peke yake hazisemi lolote kuhusu sufaktanti. Zinasema tu kwamba seli imeudhika.

Tabaka la pili lina umahususi zaidi, nalo ni njia ya kulinda uimara wa ukuta wa seli. Protini kama Wsc1 na Mid2, ambazo zimepachikwa kwenye utando, huhisi mkunjo na mvutano usio wa kawaida. Taarifa hupita kwa Rho1 na Pkc1, kisha kwenye msururu wa vimeng'enya unaoishia kwa Slt2, na Slt2 huiamsha Rlm1, ambayo huwasha jeni za kujenga na kukarabati ukuta, miongoni mwazo CRH1, PIR3 na SLT2 yenyewe. SDS huiwasha njia hii, na ndiyo sababu huwekwa kwenye sahani za kupimia mutanti wa ukuta (hamira zenye kasoro katika jeni za ukuta) pamoja na rangi za Calcofluor na Congo Red.

Tabaka la tatu hutegemea sufaktanti yenyewe na dozi yake. Lipidi zikivurugika, protini Ire1 iliyo kwenye retikulamu ya endoplazimu, sehemu ya seli ambamo protini nyingi hukunjwa, huweza kuhisi hali hiyo na kuwasha Hac1, hata pasipo protini zilizokunjwa vibaya. Protini zikianza kuharibika, Hsf1 hupandisha jeni kama SSA4 na HSP104. Pampu za kutoa sumu nje ya seli, kama PDR5 inayoongozwa na Pdr1 na Pdr3, nazo zinastahili kufuatiliwa. Kwa maoni yangu, ripoti isiyotenganisha tabaka hizi tatu bado ni orodha ya jeni tu, haijawa tafsiri.

## Dozi na maandalizi ya jaribio

5. Nitachaguaje ukolezi wa sufaktanti?

Anza na mkunjo wa ukuaji kwa ukolezi mwingi, kutoka usio na athari yoyote hadi unaozuia ukuaji kabisa, ukitumia nasaba, chakula na joto lile lile utakalotumia katika jaribio lenyewe. Kisha chagua ukolezi unaopunguza kasi ya ukuaji kwa takriban asilimia 10 hadi 20, na wa pili ulio chini zaidi, usio na athari inayoonekana. Thibitisha kwa kupanda seli kwenye sahani na kuhesabu makoloni, au kwa rangi ya propidiamu ayodaidi inayoingia tu katika seli ambazo utando wake umetoboka. Ukichukua dozi inayoua nusu ya seli, nusu ya kile unachokiita udhihirishaji wa jeni itakuwa RNA inayooza ndani ya mizoga.

Jambo linalosahaulika ni kwamba dozi halisi si ukolezi ulioandika kwenye chupa, bali kiasi cha sufaktanti kinachoangukia kila seli. Seli nyingi hugawana sufaktanti ile ile, na kila moja hupata kidogo. Ukianzisha jaribio la leo kwa wingi wa seli mara tano ya ule wa jana, hujarudia jaribio, umefanya jingine. Taja wingi wa seli katika kila ripoti.

6. Je, lazima nivuke ukolezi ambao miseli huanza kuundika?

Hapana, na kwa kawaida hutafika huko ukiwa na seli hai. Miseli ni vifungu vya molekuli zilizoelekeza mikia ndani, na huanza kuundika sufaktanti inapovuka ukolezi fulani: kwa SDS ni takriban milimoli 8 kwa lita ya maji safi, kwa CTAB karibu milimoli 1, kwa Triton X-100 karibu milimoli 0.2, na kwa Tween 80 karibu milimoli 0.01. Chumvi zilizomo kwenye chakula cha kuoteshea hushusha kiwango hicho kwa sufaktanti zenye chaji, hivyo namba za vitabuni ni za kukadiria tu.

Majaribio ya SDS kwa hamira mara nyingi hufanyika karibu na asilimia 0.01, ambayo ni sawa na milimoli 0.35 hivi, yaani chini sana ya kizingiti cha miseli. Seli huathirika kabla ya miseli kuwapo, kwa sababu molekuli moja moja zinatosha kuingia kwenye utando. Tween 80 ni kinyume chake: hata kiasi kidogo huwa tayari kimevuka kizingiti, na seli huendelea kukua bila shida. Kizingiti cha miseli kinaeleza tabia ya kemikali ndani ya maji, hakielezi ukali wake kwa seli.

7. Kwa nini mmumunyo wangu wa SDS umeingia ukungu mweupe?

Uwezekano mkubwa ni potasiamu. Chumvi ya potasiamu ya dodesili salfeti haiyeyuki vizuri, na chakula sanifu cha hamira kinachotumika sana kina gramu 1 ya potasiamu dihidrojeni fosfeti kwa lita, yaani milimoli 7 hivi za potasiamu. Baridi nayo hugandisha SDS, hata pasipo potasiamu. Ikishaganda, seli hazipati dozi uliyokusudia, na chembe hizo hutawanya mwanga na kukudanganya kwamba seli zimeongezeka. Angalia chupa isiyo na seli kabla ya kuanza, kwenye joto la jaribio, na uipime mwanga kama sampuli nyingine.

8. Nitumie chakula chenye virutubishi vingi au chakula sanifu?

Chakula cha dondoo la hamira, peptoni na glukosi kina protini na peptidi nyingi zinazoshika sufaktanti, hasa zenye chaji, na hivyo kupunguza kiasi kilicho huru. Dozi inayoua katika chakula sanifu inaweza isifanye lolote katika chakula hiki. Kwa kazi ya kulinganisha jeni napendekeza chakula sanifu, kwa kuwa viambato vyake vinajulikana, mradi umezingatia onyo la potasiamu katika swali la 7. Usilinganishe kamwe dozi za tafiti mbili zilizotumia vyakula tofauti kana kwamba ni namba za aina moja.

9. Nivune seli baada ya dakika ngapi?

Mwitikio wa jumla wa msukosuko hupanda haraka, mara nyingi hufika kilele ndani ya dakika 15 hadi 30, kisha hushuka kuelekea hali mpya ya utulivu. Sampuli moja ya saa mbili baadaye itakuonyesha seli iliyokwisha kuzoea, na utaandika kwamba sufaktanti haina athari. Ratiba ya dakika 0, 15, 30, 60 na 120 inatosha kwa kazi nyingi. Kama bajeti inaruhusu nyakati mbili tu baada ya sifuri, chagua ya 20 na ya 90. Kila wakati uwe na sampuli yake linganishi isiyo na sufaktanti, kwa sababu seli zinazokula glukosi hubadilisha jeni zake zenyewe kadiri glukosi inavyopungua.

10. Ni sampuli linganishi zipi zisizoweza kukosekana?

Ya kwanza ni seli zilizoongezewa kimiminika kile kile kilichoyeyushia sufaktanti, kwa ujazo ule ule, zikatikiswa vile vile. Ya pili ni maudhi mengine yanayojulikana, kwa mfano chumvi au joto kidogo, yaliyopimwa ili yapunguze ukuaji kwa kiwango sawa na sufaktanti. Hii ndiyo itakayokusaidia kutenganisha mwitikio wa jumla na ule mahususi (swali la 14). Ya tatu, ambayo wengi huiacha, ni molekuli ya jamaa isiyo na nguvu ya sufaktanti, kama salfeti yenye kichwa kile kile lakini mkia mfupi. Ikileta mabadiliko yale yale, basi chanzo si mkia unaoingia kwenye utando.

Neno la kando: vyombo vya kioo vilivyooshwa kwa sabuni na kusuuzwa harakaharaka ni sufaktanti ya bure katika sampuli yako linganishi. Tenga chupa za jaribio hili, uzisuuze kwa maji safi mara nyingi, au utumie za plastiki zilizo mpya.

11. Marudio mangapi yanatosha?

Marudio ya kibiolojia, yaani yanayoanza na koloni tofauti siku ile au siku tofauti, ndiyo yanayohesabika. Kupima RNA moja mara tatu si marudio. Utafiti mmoja wa mwaka 2016 uliotumia marudio 48 ya hamira ya kawaida na 48 ya mutanti wa snf2 ulionyesha kwamba kwa marudio matatu programu nyingi za takwimu hupata asilimia 20 hadi 40 tu ya jeni zilizobadilika kweli, ingawa kwa jeni zilizobadilika zaidi ya mara nne hupata zaidi ya asilimia 85. Pendekezo lake ni marudio yasiyopungua 6, na 12 pale ambapo mabadiliko madogo nayo yanatafutwa.

Sufaktanti katika dozi ya chini huleta mabadiliko madogo. Kwa hiyo mwenye marudio matatu aseme wazi kwamba anatafuta mabadiliko makubwa tu, na asidai kwamba jeni ambazo hazikujitokeza hazikuguswa.

## Kuvuna seli na kupata RNA

12. Je, namna ya kuvuna seli inaweza kubadilisha matokeo?

Ndiyo, na mara nyingi kuliko watu wanavyokubali. RNA tarishi, zile zinazobeba maagizo ya kutengeneza protini, nyingi kwa hamira hudumu dakika chache tu, kwa hiyo dakika kumi za kuzungusha seli kwenye sentrifyuji, zikiwa zimebanana bila hewa wala chakula, zinatosha kuandika historia mpya. Kuchuja kwa haraka na kutumbukiza chujio kwenye nitrojeni oevu ni bora zaidi. Usivunje ukuta kwa kimeng'enya cha kuusaga kabla ya kutoa RNA, kwa kuwa seli hukaa hai kwa muda ikisagwa ukuta, na njia ya ukuta iliyotajwa katika swali la 4 itawaka kwa sababu ya kimeng'enya badala ya sufaktanti. Fenoli ya moto yenye asidi, au shanga za kioo ndani ya kimiminika kinachoua vimeng'enya papo hapo, hukwepa tatizo hilo.

Je, SDS iliyomo kwenye bafa ya kutolea RNA ni tatizo? Kibiolojia hapana, kwa sababu seli imekwisha kufa inapokutana nayo. Kikemia inaweza kuwa: mabaki yake huzuia vimeng'enya vya unukuzi wa kinyume (vinavyogeuza RNA kuwa DNA) na vya PCR (vinavyozidisha nakala za DNA). Sampuli zilizolelewa kwenye SDS zikibaki na mabaki mengi kuliko linganishi, utaona jeni zote zimeshuka kwa pamoja. Osha mashapo ya RNA kwa ethanoli mara ya pili, kisha pima sampuli moja ikiwa nzima na ikiwa imezimuliwa mara kumi. Kama matokeo hayalingani na uzimuaji, kuna kizuizi.

13. RT-qPCR inatosha, au nisome RNA yote?

Inategemea swali. RT-qPCR hupima jeni chache ulizochagua, kwa kugeuza RNA kuwa DNA na kuizidisha. Kama unataka kujua iwapo njia ya ukuta huwaka kwa sufaktanti kumi tofauti, jeni sita kwa RT-qPCR zinatosha na utamaliza mapema. Kama hujui utafute nini, soma RNA yote, kisha uthibitishe jeni chache kwa sampuli mpya, si zile zile.

Kwenye RT-qPCR mtego mkubwa ni jeni rejea, yaani ile inayodhaniwa haibadiliki na ambayo nyingine hulinganishwa nayo. ACT1, jeni ya protini ya aktini, hutumika kwa sababu ya mazoea tu. Aktini hupangwa upya ukuta na utando vinapovurugwa, kwa hiyo uthabiti wake haupaswi kudhaniwa. ALG9, TAF10, TFC1 na UBC6 zimeonekana kuwa thabiti zaidi katika hali nyingi za ukuaji. Tumia angalau mbili, na uonyeshe kwamba hazikubadilika katika jaribio lako. Kumbuka pia kwamba ni asilimia 5 hivi tu ya jeni za hamira zenye introni (vipande vinavyokatwa na kuondolewa kwenye RNA), hivyo huwezi kutegemea praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR) zinazoruka introni kuitenga DNA iliyochanganyika na RNA. Ondoa DNA kwa kimeng'enya, na uwe na sampuli isiyotiwa kimeng'enya cha unukuzi wa kinyume.

## Kusoma matokeo

14. Jeni mia kadhaa zimebadilika. Zote ni kwa sababu ya sufaktanti?

Kwa namna fulani ndiyo, kwa kuwa bila sufaktanti zisingebadilika. Lakini nyingi zimebadilika kwa sababu seli imepunguza mwendo, na seli iliyopunguza mwendo kwa sababu yoyote hushusha jeni za ribosomu na kupandisha zile za tahadhari. Kasi ya ukuaji peke yake, hata katika hamira isiyoudhiwa na kitu, huongoza sehemu kubwa ya jenomu. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi katika rasimu za kazi hizi: mwandishi anaona ribosomu zimeshuka, anaandika kwamba sufaktanti inalenga utengenezaji wa protini, na anajenga juu yake nadharia nzima.

Kuna namna tatu za kujinasua. Ya kwanza ni sampuli ya maudhi mengine yenye upungufu sawa wa ukuaji, kama ilivyoelezwa katika swali la 10: jeni zilizobadilika kwenye zote mbili huwekwa kando, na zinazobaki ndizo zinazozungumzia sufaktanti. Ya pili ni kuotesha seli kwenye chombo kinachoingiza chakula kwa kasi iliyopangwa, ili seli zenye sufaktanti na zisizo nayo zikue kwa kasi moja. Ni kazi zaidi, na povu litakusumbua, lakini jibu lake ni safi. Ya tatu, iliyo nafuu, ni kulinganisha orodha yako na jeni 900 za mwitikio wa jumla zilizotajwa katika swali la 4 na kuripoti makundi mawili kando kando.

Unapotafuta makundi ya kazi yaliyojitokeza kupita kiasi, jeni za kulinganishia ziwe zile zilizoweza kuonekana katika jaribio lako, si jenomu nzima. Na kwa kuwa unafanya maelfu ya majaribio ya takwimu kwa mpigo, rekebisha uwezekano wa matokeo ya uongo. Njia ya Benjamini na Hochberg ya mwaka 1995 ndiyo inayotumika zaidi.

Tahadhari nyingine ni kwamba programu nyingi hudhani jumla ya RNA tarishi kwa kila seli haijabadilika. Sufaktanti ikishusha unukuzi wote kwa nusu, hesabu zitasawazishwa na kushuka huko hakutaonekana, na jeni zilizoshuka kidogo kuliko nyingine zitaonekana kana kwamba zimepanda, jambo ambalo halikutokea. Ukishuku hivyo, ongeza kiasi kinachojulikana cha RNA ya kigeni, au seli zilizohesabiwa za hamira ya spishi nyingine, Schizosaccharomyces pombe, kabla ya kutoa RNA.

15. Jeni iliyopanda sana ndiyo inayoikinga seli?

Si lazima, na mara nyingi sivyo. Makusanyo ya mutanti waliofutwa jeni moja moja yalipopimwa katika hali mbalimbali mwaka 2002, chini ya asilimia 7 ya jeni zilizopanda kwa kiasi cha kutambulika ndizo zilizohitajika kwa ukuaji bora katika hali nne zilizolinganishwa. Seli hupandisha jeni nyingi kama tahadhari ya jumla, ilhali kinga halisi inaweza kutoka kwenye protini iliyokuwapo tangu mwanzo, isiyobadilika hata kidogo katika RNA.

Kwa hiyo orodha ya jeni zilizopanda ni ushahidi wa kile seli ilichohisi. Ukitaka kujua kinachoiokoa, chukua mutanti wasio na jeni hizo na uwapime kwenye sufaktanti. Kama mutanti wa slt2 anakufa kwenye dozi ambayo hamira ya kawaida inaivumilia, na sorbitoli kwenye chakula, ambayo hupunguza shinikizo la maji linalosukuma ukuta, inamponya, una hoja imara kuhusu ukuta kuliko RNA yoyote.

## Hali zisizo za kawaida

16. Tween 80 imeongeza ukuaji badala ya kuupunguza. Nimekosea wapi?

Huenda hujakosea. Hamira haiwezi kutengeneza steroli wala asidi za mafuta zisizojaa pasipo oksijeni, na tangu miaka ya 1950 inajulikana kwamba hukua bila hewa ikipewa ergosteroli na Tween 80, ambayo ndani yake mna asidi ya oleiki. Hapo Tween 80 ni chakula kwanza, sufaktanti baadaye. Asidi za mafuta zisizojaa hushusha OLE1, jeni ya kimeng'enya kinachozitengeneza, kupitia protini Mga2 na Spt23. Kushuka kwa OLE1 kwenye Tween 80 kusisomwe kama dalili ya sumu. Ni seli inayoacha kupika kwa sababu imeletewa. Linganisha na Tween 20, ambayo asidi yake kuu ya mafuta ni ya lauriki, iliyojaa.

17. Jeni za kupambana na oksidisho zimewaka kwenye sufaktanti isiyo na chaji. Ni athari halisi?

Kwanza angalia umri wa chupa. Sufaktanti zenye minyororo ya polioksiethilini, kama Tween na Triton, huoksidika polepole zikiachwa hewani na kwenye mwanga, na hujaa peroksaidi. Protini Yap1 huhisi peroksaidi na kuwasha jeni za TRX2, TSA1 na wenzake, nawe utaisifu sufaktanti kwa kazi ya uchafu wake. Pima peroksaidi kwa vijiti vya kawaida vya maabara, kisha rudia kwa chupa mpya iliyohifadhiwa gizani chini ya gesi isiyo na oksijeni. Kama mwitikio umetoweka, ulikuwa wa uchafu.

18. Maabara mbili zimepata matokeo tofauti kwa dozi ile ile. Nasaba inaweza kuwa sababu?

Inaweza, na kwa sufaktanti nasaba ina uzito kuliko kawaida. Nasaba ya W303 hubeba trp1-1, jeni mbovu inayoifanya ishindwe kujitengenezea amino asidi ya tryptofani, hivyo hutegemea tryptofani inayopitishwa na vipitishio vilivyo kwenye utando. SDS huvuruga uingizaji huo, na hamira isiyoweza kujitengenezea tryptofani huonekana dhaifu sana mbele ya SDS. Ukiongeza tryptofani kwenye chakula, hupata nafuu. Nasaba hiyo hiyo mara nyingi ina SSD1 iliyokatika, jeni inayohusika na uimara wa ukuta. S288C na watoto wake kama BY4741 wana kasoro yao: jeni ya HAP1, inayosaidia kuongoza utengenezaji wa steroli, imeingiliwa na Ty1, kipande cha DNA kinachohamahama ndani ya jenomu.

Ukitaka dai lako liwe la hamira badala ya la nasaba moja, rudia kipimo muhimu kwenye nasaba ya pili isiyo na mahitaji ya amino asidi.

19. Hamira inaweza kutumika kuonyesha kama sufaktanti inaiga homoni?

Ndiyo, lakini si kwa jeni zake za asili, kwa kuwa haina kipokezi cha estrojeni. Mwaka 1996 ilichapishwa kazi iliyotumia hamira iliyopachikwa kipokezi cha estrojeni cha binadamu pamoja na jeni ya lacZ inayowashwa nacho. Kitu kinachoiga estrojeni huwasha lacZ, na rangi ya chakula hugeuka kutoka njano kuwa nyekundu. Kwa njia hiyo baadhi ya mazao ya kuoza kwa sufaktanti za alkilifenoli, kama nonilifenoli na oktilifenoli, yalionekana kuwa na tabia ya estrojeni, ingawa dhaifu mno kuliko homoni yenyewe. Katika Umoja wa Ulaya, oktilifenoli zilizounganishwa na minyororo ya ethoksi, familia ya Triton X-100, zilihitaji kibali maalumu kuanzia tarehe 4 Januari 2021.

Katika kipimo hiki sufaktanti inayoua seli huzima rangi, na jibu la "hapana" linaweza kuwa sauti ya seli zilizokufa. Daima pima wingi wa seli sambamba na rangi.

20. Naweza kusema matokeo haya yanahusu seli za binadamu?

Kwa njia za ndani, kama mwitikio wa protini zilizokunjwa vibaya na wa joto, ulinganifu ni mkubwa na hoja inaweza kujengwa kwa uangalifu. Kwa yanayotokea kwenye uso wa seli, hapana: seli ya binadamu haina ukuta, na utando wake una kolesteroli mahali ambapo hamira ina ergosteroli. Sehemu kubwa ya kile hamira inachokisema kuhusu sufaktanti inahusu ukuta ambao sisi hatunao, na dozi inayoivumilia hamira ndani ya ukuta wake si kipimo cha usalama wa ngozi wala jicho.